Siku Tatu za Tumbaku

Noela anasema alimwona mama yake Limi kwa macho yake mawili, stendi ya Kahama, asubuhi ya tarehe ishirini na nne, watu wakikanyagana kugombea mabasi ya sikukuu. Anasema mama alikuwa amejifunga kitenge cha kijani, mkononi ana ndoo ndogo ya karanga iliyofunikwa kitambaa, na alikuwa anamuuliza kondakta kama gari linafika Nyarugusu, machimboni anakoishi Limi. Kondakta akamwambia halifiki, linaishia Geita, ashukie hapo atafute gari jingine. Mama akapandisha mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Mmoja tu. Akabaki hivyo, mguu juu mguu chini, na walio nyuma yake wanafoka, "Mama, panda au tupishe!" Halafu, anasema Noela, akaushusha ule mguu, akajitoa pembeni, akaondoka na ndoo yake.

"Nikamwita," Noela alisema jioni ya tarehe ishirini na nane, akiwa bado hajautua hata mfuko wake wa safari. "Nikapaza sauti, 'Mama Limi! Mama Limi!' Wapi. Kama ukuta."

"Hakuna anayemwita Mama Limi," Limi alimjibu taratibu. "Anaitwa Mama Bujiku, kwa kaka yangu."

"Sasa si ndiyo maana hakugeuka!"

Noela alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na Limi, muuza mitumba anayezunguka machimboni na nguo begani, na maneno yake yalijulikana kuwa na chumvi. Limi alijua pia kwamba Noela hajawahi kukutana na mama yake. Alichowahi kuona ni picha moja ya pasipoti iliyobandikwa juu ya kitanda, picha ambayo mama amekodoa macho kama mtu anayeambiwa asipepese. Kwa hiyo Limi hakushangilia. Alikuwa mtu wa kukitazama kitu muda mrefu kabla ya kukigusa. Lakini ule mguu ulimwingia. Mama aliyemjua yeye hakuwa mtu wa kukubali haraka wala wa kukataa haraka. Angeweza kabisa kusimama hivyo, nusu yuko safarini, nusu yuko nyumbani, mpaka watu wamfokee.

Ilikuwa imetimia miaka minne tangu Limi aondoke kwao Ushetu. Kwao wanalima tumbaku, na tumbaku ikishachumwa hukaushwa kwenye bani, kile kijumba kirefu kisicho na dirisha ambacho majani yananing'inia kwenye fito na moto unapita chini kwenye bomba la bati. Moto wa bani una adabu zake. Unaanza mdogo, unaongezwa kidogo kidogo siku hadi siku, na siku za mwisho, majani yakishakuwa makavu kama karatasi, hutakiwi kuondoka hata kwenda kunywa maji. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Limi. Ilikuwa pia siku ya mnada. Aliona akiongeza magogo mawili, kazi itakwisha mapema naye atawahi kwenda mnadani kutazama watu. Akaongeza. Akaenda kuoga. Jani moja lilitosha, likachomoka kwenye fito, likaangukia bomba lililokuwa jekundu, na kabla hajamaliza kujifuta maji tumbaku ya msimu mzima wa mjane mmoja ilikuwa inapanda juu kama moshi wa kawaida tu.

Mama hakumpiga. Hakumtukana. Alisimama akatazama mpaka paa lilipoanguka, kisha akaingia ndani akapika. Siku tatu walikula chungu kimoja bila neno juu ya bani, na siku ya nne Limi akapanda lori la mkaa. Angetukanwa, huenda angebaki.

Nyarugusu alipata kazi ya kupikia kambi ya duara moja, na duara ni lile shimo refu ambalo wachimbaji hushuka kwa kamba kutafuta jiwe lenye dhahabu. Wanaume kumi na mmoja. Walipanda juu wakiwa weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, wakanawa, wakala ugali na dagaa kwa kasi ya watu wanaokimbizwa, wakasema "Ubarikiwe, dada," wakalala au wakashuka tena. Yeye alikula mwisho, amesimama, kwenye kifuniko cha sufuria. Jioni alirudi chumbani kwake, na huko alikuwa na sahani moja. Haikuwa kwamba hana uwezo wa kununua ya pili. Alikuwa amekaa dukani mara mbili akaishika ya pili, akaigeuza, akairudisha. Ya nani?

Basi jioni ile ya maneno ya Noela, Limi alitoa daftari, akachana karatasi, akaandika kwa mwandiko wake uliomfanya apendwe na walimu mpaka darasa la saba: *Mwaka mpya, lengo langu. Mama aje kwangu akae mwezi mmoja.*

Aliisoma. Akaikunja, akaiweka ndani ya kitenge, kiunoni.

*

Kambi ile ilikuwa na utaratibu wake wa kufunga mwaka. Mchana wa tarehe thelathini na moja, kabla watu hawajatawanyika, Deusdedit, msimamizi wa duara, aliwakusanya wote mdomoni mwa shimo, na kila mmoja alitakiwa kusema kwa sauti anachokwenda kupata mwaka unaokuja. Sharti lilikuwa moja: hakuna kusema kitu kidogo. Waliamini shimo linasikia. Ukisema kidogo unalifundisha kutoa kidogo. Mwanamke naye haruhusiwi kusogelea mdomo wa duara, kwa hiyo Limi alisimama nje ya kamba iliyozungushiwa shimo, na daftari la kambi, kwa sababu yeye ndiye mwenye mwandiko, akaandika alichokuwa anarushiwa.

"Andika! Mayala, gari aina ya Noah, nyeusi!"

"Mwigulu, ng'ombe mia na hamsini na mke wa pili!"

"Wa kwanza yuko wapi?" mtu akauliza.

"Huyo nitamtafuta wa pili akishapatikana. Andika, dada, usiwasikilize."

Wakacheka. Limi aliandika. Aliandika nyumba tatu Mwanza, makarasha mawili ya kusagia mawe, hoteli moja ya kulala wageni. Mwaka uliopita aliandika vilevile, karibu na majina yaleyale, na ukurasa ule bado ulikuwa humohumo nyuma. Hakuna aliyewahi kumwomba aufunue.

"Na dada mwenyewe?" Deusdedit akasema. "Sema, nawe unakula jiwe hilihili."

Limi hakutaka. Lakini walikuwa wamegeuka wote, nyuso kumi na moja, na hazikuwa zimemtazama kwa pamoja hata siku moja. Kitu kama furaha kikamsukuma.

"Mama yangu aje anitembelee," alisema.

Kisha Mayala akapiga paja. "Aa! Dada Limi! Nauli ya basi nayo ni lengo?"

"Umetupunguzia jiwe, wewe," akasema Mwigulu, na safari hii hakuwa anacheka sana. "Leo ya leo, mdomoni mwa duara, unasema mgeni?"

"Mwacheni," Deusdedit akasema. Akamgeukia Limi kwa upole, kama mtu anayemrekebishia mtoto kola ya shati. "Andika nyumba. Vyumba vinne, Geita mjini, bati la rangi. Mama atakuja mwenyewe akiiona. Andika hivyo."

Limi akaandika hivyo. *Limi: nyumba, vyumba vinne, bati la rangi.* Akalitazama jina lake limekaa pale kando ya nyumba ambayo hakuiomba, kama mtu aliyepanda gari siyo. Wanaume wakapiga makofi, wakamwaga soda kidogo shimoni, wakaenda zao. Yeye akabaki kuosha masufuria.

*

Siku ya mwaka mpya alikwenda kununua mkaa kwa Bi Chausiku. Huyu alikuwa mama wa makamo, baba yake mtu wa pwani aliyefuata biashara ya ngozi bara akasahau kurudi. Aliuza mkaa, vitumbua na maneno, na maneno hakuyapunguza bei.

"Shikamoo, Bi Chausiku. Heri ya mwaka mpya."

"Marahaba, mwanangu. Mwaka wenu huo. Wangu ulishaanza zamani, umeshachakaa." Akamtazama. "Mbona uso umekaa kama umepewa barua ya mahakama?"

Limi hakuwa mtu wa kueleza mambo yake. Lakini asubuhi ile hakuna mteja mwingine aliyekuwepo, na yeye hakuwa amezungumza na mtu tangu jana mchana. Akamweleza yote, la Kahama, la bani, la shimoni. Mwishowe akatoa karatasi kiunoni akampa.

Bi Chausiku aliisogeza mbali na macho, akaisoma, akairudisha.

"Hawa wanaume wako wajinga," alisema. "Lakini na wewe mjinga, kwa upande mwingine. Wao wanataka kikubwa mno. Wewe unataka miguu ya mtu mwingine. Lengo, mwanangu, ni kitu ukiamka asubuhi mkono wako unaweza kukifanya. Mama yako kuja, hiyo ni kazi ya mama yako. Wewe kazi yako ni ipi hapo?"

"Kumsubiri."

"Kusubiri siyo kazi. Hata hili gunia linasubiri." Akapiga gunia la mkaa kofi, vumbi likaruka. "Mwezi mmoja! Mtu hamjazungumza miaka minne, unamwandalia mwezi mmoja. Mtazungumza nini siku ya sita?"

Limi alicheka, bila kupenda. Bi Chausiku akampa kitumbua cha bure na kalamu ya dukani.

"Punguza."

Akakaa juu ya kigoda akapunguza. Akakata *mwezi mmoja*, akaandika *wiki moja*. Bi Chausiku akachungulia, akasema mdomoni tu, "Bado miguu ya mtu." Akakata wiki, akaandika *alale siku moja*. Kila alipokata aliona moyo unakuwa mwepesi na chumba kinakuwa kikubwa, kile chumba chake cha futi kumi kwa kumi, kinatanuka kama uwanja. Akakata na siku moja. Kalamu ikabaki hewani.

"Nimempigia simu mara ngapi, ndiyo nijiulize," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Mara ngapi?"

"Hata moja."

"Ehe," alisema Bi Chausiku, akaenda kugeuza vitumbua.

*

Mama hakuwa na simu. Aliyekuwa nayo ni Lusia, mke wa Bujiku, kaka yake Limi, na namba yake Limi aliipata kwa dereva mmoja wa lori wa kwao. Kuipata kulimchukua siku mbili. Kuipiga kulimchukua nyingine mbili.

"Wifi! Ni wewe kweli?" Lusia alipiga kelele mpaka Limi akaiondoa simu sikioni. "Tulijua umeolewa na Mkongo!"

"Nani alisema?"

"Watu. Mzima wewe? Una watoto?"

"Mzima. Sina. Wifi, mama alirudi salama kutoka Kahama?"

"Kahama ya wapi?"

"Kabla ya Krismasi. Stendi."

Lusia akahesabu miezi kwa sauti ya chini. "Mama hajatoka hapa tangu mwezi wa tisa, wifi. Goti limemvimba. Hata shambani anakwenda na fimbo. Nani kakwambia Kahama?"

Limi alikuwa amesimama nyuma ya jiko la kambi. Maji ya ugali yalikuwa yameanza kuchemka. Aliyatazama yakipanda, akapunguza kuni moja.

"Nilisikia vibaya," alisema.

Wakapanga. Jumapili asubuhi watu wote wa nyumbani huenda kanisani, mama hubaki kwa sababu ya goti. Lusia angemwachia simu, amwonyeshe pa kubonyeza. "Lakini sikuahidi kitu, wifi," akasema. "Jina lako hapa halitajwi. Siyo kwa ubaya. Halitajwi tu."

Jioni alimkuta Noela mlangoni akikunja mashati.

"Mama hakwenda Kahama," Limi alimwambia. Hakuwa na hasira, alitaka tu kuliweka chini.

Noela aliendelea kukunja shati mpaka likawa dogo kupita kiasi. "Yule mama alikuwepo," alisema. "Mguu na ndoo na kila kitu, haki ya Mungu tena. Sema kama alikuwa wako, hapo ndipo sikuwa na uhakika." Akalikunjua lile shati. "Nilikuacha hapa peke yako sikukuu nzima, Limi. Nikaona nisirudi mikono mitupu."

Limi akamwambia ahsante, na akamaanisha. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na akaitazama ile picha. Kwa hiyo hakuna aliyepandisha mguu. Hakuna aliyefika hata nusu ya njia. Siku nane alikuwa ameishi na mguu ule mmoja kwenye ngazi ya basi, akiusukuma kila siku, polepole, ili upande ngazi, na sasa ilibidi aushushe mwenyewe.

Hapo ndipo alipochukua karatasi mpya. Ile ya kwanza ilishajaa mikato, hakuna pa kuandika. Akafikiri kama anavyofikiri anapopima unga, si chakula anachotamani bali unga ulioko. Kulikuwa na nini mikononi mwake? Mikono yenyewe. Tumbaku ya mama ilikuwa shambani muda huu, majani yanapanuka. Mwezi wa pili yangeanza kuchumwa, na mtu mwenye goti bovu hawezi kuinama kuchuma majani ya chini. Msimamizi wake hakatai ruhusa ya siku tatu, akiachiwa mtu wa kupika. Siku tatu, basi. Moja ya kwenda, moja ya kuchuma, moja ya kurudi. Siku moja tu ya kazi, ukweli ukisemwa. Akaandika: *Mwezi wa pili, nikachume.* Haikuhitaji zaidi ya hapo. Alilala akiwa ameishika.

*

Jumapili aliondoka kambini akapanda mwinuko ulio nyuma ya makarasha, mahali ambapo mtandao haukatiki, akaketi juu ya jiwe. Siku hiyo mashine zilikuwa zimezimwa na ukimya ulikuwa mpya, masikio yalilia. Alipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikaita, kisha sauti ya kidole kinachosuguasugua kioo, na upande wa pili ukafunguka.

"Mwangaluka, mayu," Limi alisema. Salamu ya kwao ya kumwamkia mama asubuhi ilitoka yenyewe, na Kisukuma chake kilikuwa kimekauka kwa kutotumika.

"Mwangaluka." Sauti ilikuwa ileile, imezama kidogo. "Ni nani?"

"Ni Limi."

Kuku alilia karibu na simu. Mama akamfukuza, "Shii." Kisha akasema, kama wanaoendelea na mazungumzo ya jana, "Mvua haijatosha huku."

"Huku pia kidogo. Goti vipi?"

"Lipo."

"Tumbaku?"

"Imeshika. Ya upande wa mtoni imeshika kuliko hii ya juu."

"Nani atakusaidia kuchuma?"

"Watu wapo," mama alisema. "Bujiku na mke wake wana shamba lao."

Limi aliiona nafasi ile, na aliiogopa kama mtu aliyeona mlango umeachwa wazi kwenye nyumba ya wenyewe. Alikuwa amejiapiza hatasema mengi. Hatasema la bani, maana hakuna namna ya kulisema kwenye simu. Hatasema chumba, wala sahani, wala miaka. Akakaza vidole juu ya karatasi yake, ingawa aliijua kwa moyo.

"Mama, nina ombi moja. Sikuombi uje, wala sikuombi useme chochote cha zamani. Mwezi wa pili nina siku tatu. Nije nikuchumie yale majani ya chini, siku moja tu, halafu nirudi kazini. Chakula nitakuja nacho. Nitalala kwa Lusia. Bani sitalisogelea, nitachuma na kukuletea hapo ulipokaa, wewe ufunge kwenye fito. Nije?"

Upande wa pili hakukuwa na sauti ya kukata simu. Limi alitazama kioo, dakika zilikuwa zinaendelea kusonga, nne na sekunde kadhaa, akairudisha sikioni haraka asije akapitwa. Alisikia kigoda kikilia chini ya mtu anayebadilisha mkao. Alisikia fimbo ikiwekwa au ikiokotwa, hakuweza kujua ipi. Na pumzi, za mtu mzima aliyekaa, zinaingia, zinatoka.

"Mama?" alisema. "Nije?"